Simu ya Kazi Mikononi mwa Mtoto

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wazazi, walezi na wafanyabiashara wa Mchikichini, Ilala, Dar es Salaam)

Ndugu wazazi na walezi, ndugu wafanyabiashara, nawashukuru kwa kuziacha meza zenu katika saa ambayo wateja ndiyo kwanza wanashuka kwenye daladala. Najua kwamba kila dakika ninayoichukua hapa ina bei yake kwenu, na kwa hiyo sitazungukazunguka.

Nimekuja kuzungumza juu ya simu na mtoto mdogo. Simkusudii mwanafunzi wa darasa la nne wala kijana wa sekondari. Hao wana mambo yao, na mambo hayo yanastahili siku yake. Namkusudia huyu wa kuanzia kusimama dede mpaka miaka mitatu hivi, ambaye hajaweza kutamka jina la mtaa wake lakini ameshajua kuburuza kidole juu ya kioo mpaka katuni aitakayo itokee. Na simu ninayoizungumzia si ya starehe. Ni simu ya kazi, ile ambayo ikizimika saa nne asubuhi, meza nzima ya mitumba inasimama.

Tuitazame simu hiyo kwanza, maana tumeizoea kiasi cha kutoiona tena. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na nyingine za aina yake zikafuata. Kabla ya hapo simu ilikuwa ya kupiga na kupokea. Fedha zilikaa kibindoni, katika pindo la kanga, au chini ya belo la mwisho. Leo simu ndiyo sanduku la fedha. Ndiyo daftari la madeni, kwa kuwa ushahidi wa aliyelipa na asiyelipa umo katika ujumbe wa miamala. Ndiyo dirisha la duka: belo likifunguliwa alfajiri, haifiki saa mbili picha za magauni na suruali zimekwisha kumfikia mteja wa Mbagala na wa Morogoro kwa WhatsApp. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, tarehe 1 Mei 2019, laini iliyomo ndani yake imefungamanishwa na kitambulisho chako cha Taifa; kinachofanywa kwa laini hiyo kinahesabiwa kuwa kimefanywa kwa jina lako. Juu ya kazi zote hizo tukaiongezea moja ambayo haikuwamo katika hesabu siku tulipoinunua: tumeifanya yaya.

Sisemi hivyo kwa kumlaumu mtu. Mama anayeuza katika soko hili, ambalo wengine huliita la Karume na wengine la Mchikichini, ameamka kabla ya adhana, amembeba mwanawe mgongoni kwa mbeleko, na hana pa kumwacha. Mbele ya meza pana mkokoteni unaopita kwa kasi, nyuma pana jiko la mkaa la mama lishe, pembeni pana bodaboda. Mtoto akishuka, yumo hatarini. Akibaki mgongoni siku nzima, mgongo unauma na yeye analia. Simu inamkalisha kitako. Mtu yeyote anayemwambia mama huyu kwamba ni mvivu, na asimame yeye kwenye meza hiyo kwa siku moja, kisha tuzungumze. Ninachotaka kuonyesha ni kitu kingine: kwamba malipo ya yaya huyu ni makubwa kuliko tunavyodhani, na kwamba sehemu ya malipo hayo hutoka kwenye mtaji.

Fikirini muamala wa kawaida. Mteja amechagua suruali tatu, bei imekubaliwa, namba ya kulipia ameisoma ubaoni. Anabofya, anasubiri, kisha anasema, "Nimeshatuma, mama." Simu iko kwa mtoto, naye yuko katikati ya wimbo aupendao. Kumnyang'anya ni kualika kilio ambacho kitadumu wateja wawili. Mteja, kwa wema wake, anaigeuza simu yake: "Ujumbe wenyewe huu hapa, tazama." Mama anainama, anaona kiasi, anaona jina lake, anafunga mfuko. Mteja anaondoka.

Ndugu zangu, ujumbe ulio katika simu ya mteja si malipo. Unaweza kuwa wa wiki iliyopita. Unaweza kuwa umeandikwa na mtu kwa vidole vyake ukafanana na ule wa mtandao nukta kwa nukta. Hata ujumbe unaoingia katika simu yako mwenyewe hautoshi iwapo umetoka kwa namba ya kawaida ya mtu badala ya jina la huduma unayoitumia. Malipo ni salio lako kuongezeka, na salio huangaliwa na mwenye akaunti, kwa simu yake, kwa namba yake ya siri. Mlaghai wa sokoni hahitaji ujuzi mkubwa wa mitambo. Anahitaji kumwona muuzaji ambaye hawezi kuishika simu yake kwa wakati ule, na mtoto aliyeinamia kioo ni tangazo la kutosha.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni wa kizamani kabisa. Fedha zetu zilikaa kibindoni kwa sababu kibindo hakiazimishwi. Simu yenye fedha nayo ikae kibindoni. Ukiweza, laini ya biashara iweke katika simu ndogo ya vitufe, hii tunayoiita kitochi, uifunge kiunoni katika kipochi, isitoke hapo isipokuwa kwa muamala. Kitochi hakionyeshi katuni na betri yake hukaa siku kadhaa. Mtoto akikishika mara moja, cha pili hakitamani. Simu kubwa ibaki kwa picha na mawasiliano ya wateja. Najua wapo watakaosema kwamba kununua simu ya pili ni gharama. Ni kweli. Wekeni gharama hiyo kando ya suruali tatu, mara nne kwa mwaka, halafu mchague.

Asiye na uwezo huo na abaki na kanuni moja nyepesi kuikumbuka: wakati wa kuuza, simu ya kazi haichezewi. Baada ya kufunga meza ni hesabu nyingine, na nitaifikia.

Sasa vidole. Mtoto wa miaka miwili hajui namba yako ya siri, nami sidhani kama yupo mmoja hapa nchini aliyewahi kumtumia mtu fedha kwa kukusudia. Lakini anajua kubonyeza, tena kwa subira tusiyokuwa nayo sisi. Namba ya siri ya akaunti ya fedha ikikosewa mara kadhaa mfululizo, huduma hufungwa mpaka ufunguliwe na mtoa huduma. Namba ya siri ya laini yenyewe, kwa yule aliyeiweka, ikikosewa mara tatu hudai namba ndefu ya kufungulia. Nayo ikikosewa mara kumi, laini imekufa, na utapanga foleni kuirudisha huku wateja wako wakidhani umehama soko. Ujumbe wa muamala unafutwa kwa mguso mmoja, na ujumbe huo ndio ungekuwa shahidi wako siku ukipeleka lalamiko. Zipo pia huduma za miito, za mafumbo na za habari za michezo ambazo hujitokeza kwenye kioo zikiuliza kama unazitaka. Kidole kidogo hujibu kwamba zinatakiwa, na tangu siku hiyo salio linapungua kila asubuhi kwa kiasi kidogo ambacho mtu mzima hakitilii maanani. Ukiona salio linayeyuka bila wewe kupiga simu, usiseme tu kwamba mtandao unakula. Uliza kwa mtoa huduma wako umeunganishwa na huduma zipi, na udai uondolewe katika zile usizozitaka.

Na kuna kifurushi. Video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Mtoto hakuiomba, wewe hukuiona, na ile bando ya wiki iliyokuwa ya kutumia picha kwa wateja imeisha Jumanne. Kuianzisha video ifuatayo bila kuombwa ni mpango unaoweza kuzimwa katika mipangilio ya programu, na ningependa kila mmoja wenu auzime kabla hajaondoka hapa. Vijana wetu waliosimama mlangoni watawasaidia. Aidha, kanuni za vifurushi zilizotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma akuarifu kifurushi kinapofikia asilimia 75 ya matumizi, na tena kinapofika 100, wala asikuhamishie katika bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Haki hiyo ni yako. Lakini taarifa ya asilimia 75 humfikia anayeshika simu, na mtoto anaijua njia moja tu ya kushughulika nayo, ambayo ni kuisukuma kando ili wimbo uendelee.

Hayo ni ya mfuko. Sasa nizungumze juu ya mtoto mwenyewe, na hapa naomba subira yenu, maana ndipo penye uzito.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi Aprili 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kutazama kioo, kiwe cha simu au cha runinga, hakupendekezwi hata kidogo. Kwa mwenye mwaka mmoja, vilevile hakupendekezwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, kusizidi saa moja kwa siku, na kukiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Nimewahi kuona wazazi wakiisikia hesabu hiyo wakacheka, kwa sababu wanaijua siku yao ilivyo. Mwongozo huohuo una maneno mengine ambayo hayatajwi sana: mtoto wa umri huu asifungwe mahali pamoja, iwe kitini au mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo, na apate jumla ya saa tatu za kujongeajongea katika siku. Basi mama wa mbeleko ameambiwa asimfunge mgongoni na asimkalishe kwa simu. Ana haki ya kuuliza: nimweke wapi?

Jibu la kwanza lipo hapahapa, nalo ni kwamba soko ni shule ya lugha kuliko video yoyote. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hujifunza kusema kwa kurushiana: yeye anatamka "ba", mtu mzima anamtazama usoni na kumjibu "baba yuko kazini", naye anajaribu tena. Katika umri huu mtoto hujifunza maneno machache zaidi kutoka kwenye kioo kuliko kutoka kwa mtu aliye mbele yake, hata maneno yakiwa yaleyale. Jambo hilo watafiti wa makuzi wameliona mara nyingi. Simu inasema sana lakini haijibu. Haijui kwamba mtoto ameita, wala haioni alichokinyooshea kidole. Wakati huohuo, pembeni mwa meza yako watu wanapandishiana na kushushiana bei, wanataniana, wanasalimiana kwa lafudhi za mikoa yote, muuzaji wa jirani anaimba "elfu mbili, elfu mbili" tangu asubuhi. Tunampa mtoto simu, tunamtoa katika mazungumzo hayo, kisha akifika miaka mitatu bila sentensi tunashangaa.

Kwa hiyo mpe mtoto kazi ya mezani. Katika kila belo zimo soksi zilizopoteana. Mpe rundo lake azitafutie wenzake, na umsimulie unachofanya: hii ya bluu, hii kubwa, hii ya mzee. Haitamtuliza kwa muda mrefu kama katuni, sitawadanganya. Itamtuliza kwa robo saa, halafu utatafuta jingine.

Jibu la pili ni jirani. Katika safu moja ya meza kuna kina mama wawili au watatu wenye watoto wa rika moja. Zamu ya saa moja moja, mmoja akiwatazama watoto pahali palipo salama na wenzake wakimwangalizia meza, si jambo geni. Mitaani kwetu ndivyo tulivyolelewa. Ila zamu isigeuke kuwa watoto wanne kuizunguka simu moja.

Jibu la tatu ni vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Vituo hivyo vinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake, na ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo ya kuuliza kipi kimesajiliwa na kipi ni chumba tu chenye watoto. Mzazi anayelipia kituo ni mtumiaji wa huduma kama mtumiaji mwingine yeyote. Aulize walezi ni wangapi na watoto ni wangapi, aone choo, aone mlango unavyofungwa, na aulize waziwazi: runinga hapa inawashwa saa ngapi kwa siku? Ukikuta watoto ishirini wameketi kimya mbele ya kioo, unalipia jambo ambalo simu yako ingelifanya bure.

Na niseme pembeni kidogo. Soko Kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, soko letu hili likaungua usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, na tangu hapo yamekuwapo mazungumzo mengi juu ya ujenzi na mpangilio wa masoko. Vizimba vimehesabiwa, njia za magari zimehesabiwa. Watoto wa chini ya miaka mitatu wanaoshinda sokoni kila siku sijaona wakihesabiwa. Serikali ilizindua mwishoni mwa mwaka 2021 programu jumuishi ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Chumba cha watoto ndani ya soko kingekuwa mahali pazuri pa kuiona programu hiyo ikifanya kazi. Viongozi wa soko wamo humu ndani. Waulizeni.

Kwa wale walioajiriwa, madukani Kariakoo au maofisini, sheria ya ajira na mahusiano kazini inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Wengi hawaidai haki hiyo kwa sababu nyumbani ni mbali, na badala yake humtazama mtoto kwa simu ya video wakiwa wamejificha stoo. Simu ya video si mbaya. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika ushauri wao wa mwaka 2016, waliwazuilia kioo watoto wa chini ya miezi 18, lakini mazungumzo ya video na ndugu wakayaacha nje ya katazo hilo, kwa sababu upande wa pili yupo mtu anayejibu. Bibi aliyeko Songea, baba aliyekwenda Muscat kutafuta riziki, na wamwone mtoto, naye awaone.

Dada anayewasaidia nyumbani naye ana neno lake katika habari hii. Tunamwagiza asimpe mtoto simu, kisha sisi wenyewe tukirudi jioni tunampa ili tupike. Tunamwachia runinga ikiwaka tangu asubuhi. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa jijini, tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimeleta nyumbani chaneli za watoto zisizolala. Na runinga inayowaka bila mtazamaji inapunguza mazungumzo baina ya mtu mzima na mtoto, hata kama hakuna anayeitazama. Mpangieni dada saa za kuizima, na nyinyi mzifuate. Kama umemsajilia laini kwa kitambulisho chako, ujue kwamba ni laini yako mbele ya sheria. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako ni zipi, maana wapo wanaokuta namba wasizozijua kabisa.

Jioni, meza imefungwa, hesabu imekwisha, mtoto ana miaka miwili na nusu: nusu saa ya video iliyochaguliwa na wewe, ukiwa umeketi naye, mkiitaja ng'ombe na jogoo pamoja, haina ubaya. Simu nyingi za siku hizi zina njia ya kuifunga simu ndani ya programu moja, ili kidole kisitoke kwenye wimbo kikaingia kwenye miamala. Washeni njia hiyo. Kisha simu iondoke kabla ya usingizi, isikae mtoni. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha ule wa mchana, na sokoni ule wa mchana huwa wa mang'amung'amu.

Nina mambo mawili ya hatari ambayo sitaki mtu aondoke bila kuyasikia.

La kwanza ni betri bapa, zile za mfano wa sarafu. Zimo katika rimoti ndogo, katika vitu vya kuchezea vinavyoimba, katika mizani ya kupimia vitu vidogo, katika taa za mapambo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili tu. Kwa nje unaweza usione kitu zaidi ya mate kumtoka, kukohoa au kukataa kula. Usimtapishe, usingoje itoke yenyewe, usipitie dukani kuuliza dawa. Mpeleke hospitali wakati huohuo, Amana ipo hapa karibu, na ukiweza nenda na kifaa ilimotoka. Nyumbani kagueni kila kifaa: kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu, kisichofungika, kizungushieni gundi ya karatasi mara nyingi au kitupeni.

La pili ni chaja. Ncha ya waya iliyoachwa kwenye soketi bila simu ni kitu ambacho mtoto wa umri huu hukitia kinywani. Chomoeni. Na chaja ya bei ya kutupa inayouzwa njiani, isiyo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora, ni ya kuogopwa hata pasipo mtoto. Soko lililokwisha kuungua halihitaji kuelezwa zaidi. Nunueni panapotolewa risiti. Bidhaa hafifu zipelekeni Shirika la Viwango, na bidhaa bandia Tume ya Ushindani. Simu yenyewe mnaweza kuihakiki kabla ya kulipa: bonyeza *#06#, namba tambulishi ya simu itatokea, itume kwa ujumbe kwenda 15090, jibu litakuambia ni ya aina gani; likipishana na unachokiona mkononi, rudisha. Wanaokumbuka Juni 2016, zilipozimwa simu bandia nchini, hawahitaji kushawishiwa.

Limebaki moja, nalo ni la picha. Wauzaji wa nguo za watoto wana desturi ya kumvisha mtoto gauni lililotoka kwenye belo, kumpiga picha, na kuituma kwa wateja na kuibandika Instagram ikiwa na bei, namba ya simu na mahali meza ilipo. Gauni linauzika, sikatai. Lakini tazameni kilichomo katika tangazo hilo: sura ya mtoto, jina lake kama mlivyomwita kwa utani, namba ya mama yake, na mahali anaposhinda kila siku. Gauni likishauzwa, picha haifutiki. Inatumwa na watu msiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu picha ya mtu kuwa mali ya kulindwa, na mtoto hawezi kujitolea ridhaa. Gauni linaweza kutundikwa kwenye kamba likapigwa picha vilevile. Na kama muuzaji mwingine ametumia picha ya mwanao bila kukuuliza, mwambie aiondoe. Akikataa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa ajili hiyo.

Ukitapeliwa, au ukipokea ujumbe wa kukutaka utume fedha kwa namba usiyoijua, itume namba hiyo kwenda 15040. Lalamiko juu ya huduma lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma wako, uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika, ndipo Mamlaka ya Mawasiliano italipokea, na itataka kuona ujumbe wako wa miamala. Ulindeni usifutwe, na mkiweza unukuuni daftarini kila jioni, tarehe, kiasi na namba ya muamala.

Nimesema mengi na jua limepanda. Nitapokea maswali, na naomba walioketi nyuma karibu na mlango waanze, kwa sababu naona wana watoto mapajani na ndio wenye haraka ya kurudi mezani.